Mlango Uliokosa Mlio

Nchi ninayotaka kukusimulia haimo kwenye ramani yako, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na ukihisi umewahi kuishi huko, hizo ni hisia zako, mimi simo. Mimi ni mtumishi wa serikali tu, jina langu Sefu Mkomangi, na tangu niajiriwe sijasema neno baya juu ya mkubwa yeyote. Nitakusimulia habari za milango, basi.

Kwetu ukubwa wa mtu haujulikani kwa suti wala kwa gari. Unajulikana kwa mlango. Karani huufunga mlango wake kwa kuusukuma na kidole, taratibu, asije akamsumbua mtu. Afisa anaruhusiwa kuufunga ukasikika chumba cha pili. Mkurugenzi akifunga wake, ghorofa nzima inajua amefika, na vikombe vya chai vinaingizwa kwenye droo. Ama Waziri, huyo akiingia mahali, mlango lazima ubamizwe nyuma yake mpaka picha za ukutani zikae upande, na wote waliomo wasimame wima kabla mlio haujaisha. Tunauita mlio wa heshima. Umo kwenye Kanuni za Utumishi, sura ya nne, pamoja na likizo ya uzazi.

Waziri habamizi mwenyewe, usinielewe vibaya. Ana mtu wake, Bwana Makorongo, ambaye cheo chake ni Mbamizaji wa Wizara. Bega lake la kulia limekuwa kubwa kuliko la kushoto kwa sababu ya kazi. Kanuni zinamtaka aingie nyuma ya Waziri, aupe mlango mgongo, akazie macho kisogo cha Mheshimiwa, halafu mkono wake wa kulia uurudishe mlango kwa nguvu zote bila yeye kugeuka. Kugeuka ni utovu wa nidhamu. Miaka kumi na saba Makorongo amebamiza milango ya taifa hili, na hajapata kuuona hata mmoja ukifungwa.

Mimi niliusukuma wangu kwa kidole miaka kumi na tisa. Kisha siku moja ikaja barua: nimepandishwa, Daraja la Kubamiza, Ngazi ya Chini. Nililia, sikufichi. Niliingia ofisini, nikashika kitasa, nikavuta pumzi, nikaubamiza. Kalenda ikaanguka. Nikaitundika, nikatoka, nikaingia tena. Nilifanya hivyo mara sita, mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuniuliza kama nahama.

Nyumbani nako nikaendeleza. Mke wangu, Mama Siwema, akaniambia, "Wewe Sefu, hii nyumba ni ya kupanga."

"Zoea," nikamjibu. "Siku hizi umeolewa na mtu wa kubamiza."

Akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Sasa, huyo Siwema ni binti yetu, miaka mitatu na nusu. Ana tabia yake. Kila jioni anasimama mlangoni kunisubiri, amejishikiza mwimo, ule ubao wa pembeni ambao mlango ukifungwa ndio unaokutana nao. Vidole vinne vimeingia hasa pale. Mama yake akisikia viatu vyangu huacha alichonacho mkononi, mwiko au ufagio, akaja mbio kumvuta kabla mimi sijapata heshima yangu. Nami nilikuwa nikiona hiyo ni kazi ya mama. Mimi nilikuwa na cheo, bwana.

*

Wizara yetu ina chekechea, uani, kwa ajili ya watoto wa watumishi. Siwema anasoma hapo. Mwalimu wao anaitwa Zuwena, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, anayeweza kumfuta mtoto kamasi kwa mkono mmoja huku wa pili ukikoroga uji. Milango ya chekechea ilitengenezwa kwa mbao za mninga, mizito, kusudi ibamizike vizuri siku atakapopita mkubwa. Fundi aliyeitengeneza alipewa cheti. Watoto hawakuulizwa.

Mwezi wa pili mtoto wa mhasibu alibanwa kidole, kucha ikatoka. Mwezi wa tatu ikawa zamu ya mtoto wa dereva. Mwalimu Zuwena aliandika barua wizarani, akaandika nyingine, na zote mbili nilizipokea mimi, nikazigonga mhuri wa IMEPOKELEWA na kuziweka pahali pazuri. Mwezi wa nne akachoka. Akavua ndala yake kuukuu, akaikata vipande vinene, kila kipande akakitoboa mwanya katikati, akavipachika kwenye kingo za milango, juu kidogo ya kitasa. Basi. Mlango ukirudi kwa upepo au kwa utundu, unagota kwenye ndala na kuacha nafasi ya kiganja. Ukitaka kuufunga kabisa jioni, unachomoa ndala.

Miezi saba ilipita, hakuna mtoto aliyelia kwa kidole. Sisi ghorofani hatukujua lolote, maana kwetu jambo lisilotokea halifunguliwi faili.

Tungeendelea kutojua, lakini Waziri wetu, Mheshimiwa Mtimbwani, aliamua kuitembelea chekechea. Alikuwa amepewa ushauri kwamba mtu anayeonekana na watoto kwenye picha anaonekana ana moyo. Tukamsindikiza watu kumi na wanne. Akaingia, kifua mbele. Makorongo akaingia nyuma yake, akatoa mgongo, akakaza macho kwenye kisogo, akaubamiza mlango kwa bega lake lote.

Pu.

Ndiyo hivyo. Pu. Mlango uligota kwenye ndala na kutulia. Picha ya Waziri ukutani haikutikisika hata uzi. Watoto ishirini na sita waliendelea kunywa uji. Mheshimiwa alisimama pale katikati akingoja watu wasimame, na watu hawakujua kama ameingia. Kimya kile, jamani, sitakisahau. Halafu katoto kamoja kakainua uso kutoka kwenye bakuli, midomo imejaa uji, kakasema kwa adabu zote:

"Shikamoo babu. Rudisha mlango, nzi wanaingia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kalikuwa Siwema.

*

Kesho yake asubuhi nilikuwa Katibu wa Kamati Maalumu ya Kuchunguza Ukimya wa Mlango. Tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa karibu kustaafu na alitaka amani. Mjumbe alikuwa mtaalamu wa sauti, aliyekuja na kifaa chake. Mimi nilikuwa na kalamu. Sahihi yangu ndiyo iliyokuwa inafanya jambo liwe jambo, maana kwa kanuni zetu azimio la kamati bila sahihi ya Katibu ni mazungumzo tu ya watu waliokutana.

Tukamwita Mwalimu Zuwena.

"Mwalimu," nikaanza, nimekaza sauti, "unakubali kwamba uliweka ndala kwenye mlango wa serikali?"

"Nakubali, Bwana Katibu. Ya kushoto. Ya kulia ilikatika zamani."

"Na baada ya kuiweka, nini kilitokea?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kilichotokea. Ndiyo maana niliiweka."

Tukatazamana. Mjumbe akaniambia niandike, nikaandika: Shahidi anakiri kwamba hakuna kilichotokea.

"Kwa hiyo," Mwenyekiti akasema kwa upole, "huna ushahidi wowote kwamba kitu hiki kina faida."

"Ushahidi ni vidole, baba. Njooni mvihesabu."

Tukaenda kuvihesabu. Usicheke, kamati haiwezi kuchukua maneno ya mtu hivi hivi. Watoto ishirini na sita, vidole mia mbili na sitini. Sisi tulipata mia mbili na sitini na moja. Tukarudia mara tatu, jibu likawa lile lile, na Mwenyekiti akaanza kutoka jasho, mpaka tulipogundua kuwa Mjumbe alikuwa akielekeza kwa kidole chake na mimi nilikuwa nakihesabu.

Tuliamua siku hiyo hiyo. Ndala zitolewe. Ni mimi niliyezichomoa, kwa mikono yangu, vipande kumi na vinne, na kila kimoja nikakiandika: Kielelezo Namba Moja, Kielelezo Namba Mbili, mpaka mwisho. Tukavitia kwenye bahasha kubwa, tukaifunga kwa lakiri nyekundu, na tukaandika juu yake kwamba haitafunguliwa ila kwa sahihi tatu. Nikatakiwa niitunze. Nikawa natembea nayo ndani ya koti, kifuani, na kusema kweli ilinipa umbo zuri la mtu mwenye kifua.

Mwalimu Zuwena alinifuata mpaka ukumbini. Safari hii hakuniita Bwana Katibu.

"Baba Siwema, unajua mwanao anaposimama?"

"Anasimama wapi?"

"Pale pale. Anajishikiza mwimo kama mzee wa kazi. Kila siku nikifika, namtoa pale mara kumi. Kwa nini unazitoa?"

"Mwalimu, suala liko kwenye ngazi ya juu."

"Haya. Basi nitaweka mguu wangu. Mguu nao una kanuni?"

Nilirudi ofisini nikazitafuta kanuni zote. Mguu haukuwemo. Kwa hiyo wiki mbili zilizofuata Mwalimu Zuwena alifundisha a, e, i, o, u akiwa amesimama mlangoni, mguu wake wa kushoto umekaa kwenye mwanya, na watoto wanamletea madaftari pale pale.

*

Usidhani serikali iliwasahau watoto. Thubutu! Mheshimiwa Mtimbwani alikasirika sana aliposikia kwamba kuna vidole vilivyowahi kubanwa bila yeye kuarifiwa. Akaagiza uandaliwe Mpango wa Taifa wa Vidole Salama, na mwandishi wa Mpango huo alikuwa mimi hapa. Niliuandika kwa siku nne, kurasa sitini na mbili, na mpaka leo naamini lugha yake ni nzuri.

Mpango ulikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza, watoto wote nchini watembee wakiwa wamefunga mikono kifuani, isipokuwa wakati wa kula. Ya pili, kila asubuhi waimbe wimbo wa mlango. Ya tatu, kila mtoto chini ya miaka mitano atie alama ya dole gumba kwenye fomu kuthibitisha kwamba ameelimishwa juu ya vidole. Mlango wenyewe haukutajwa mahali popote, kwa kuwa mlango ni mali ya Wizara na Wizara haiwezi kujituhumu.

Na nyuma ya Mpango, kama kiambatisho, kulikuwa na Waraka mfupi wa nusu ukurasa: ni marufuku kuweka ndala, soli, sponji, kitambaa au kitu chochote laini kwenye mlango wowote wa shule, chekechea au ofisi, nchi nzima. Huo ungeanza kazi siku nitakapotia sahihi, baada ya uzinduzi.

Jioni nilimsomea mke wangu sehemu niliyoipenda. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja.

"Zile ndala ni wewe uliyezitoa?"

"Ni kamati."

"Sefu. Mkono uliozichomoa ulikuwa wa nani?"

"Wangu, lakini kwa niaba."

Akainuka na ungo wake, akaenda kukaa upande wa pili wa ua. Nilikula peke yangu usiku ule, na mchuzi ulikuwa haujatiwa chumvi. Nilikasirika kidogo, halafu nikakumbuka hotuba inanisubiri, nikaendelea nayo.

*

Siku ya uzinduzi ilipigwa turubai, yakaja matarumbeta, wakaja wadau. Watoto walipangwa mistari miwili ndani ya chekechea, mikono kifuani, shingo zimekakamaa. Mwalimu Zuwena aliamriwa aondoke mlangoni. Alitakiwa asimame mbele kabisa, upande wa dirishani, aongoze wimbo. Alipopita karibu yangu alinong'ona, "Simama pale wewe, basi." Nikamwambia nafasi yangu imepangwa na itifaki. Kwa bahati tu, itifaki ilikuwa imenipanga hapo hapo karibu na mlango, kwa ndani, nimeshika mto wa mahameli wenye Mpango juu yake.

Waziri alihutubia uani kwanza.

"Ndugu wadau, itifaki imezingatiwa! Kidole ni nini? Nauliza, kidole ni nini? Mtoto wa leo ndiye mpiga kura wa kesho. Na wino wa kura unapakwa wapi? Kwenye kidole! Kwa hiyo anayechezea kidole cha mtoto anachezea uchaguzi! Serikali yangu haitavumilia kidole hata kimoja kibanwe bila utaratibu!"

Tukapiga makofi. Maneno yale niliyaandika mimi, na nikawa napiga makofi kuliko wote, mto nimeubana kwapani.

Kisha ukafika wakati mkubwa. Mheshimiwa angeingia ndani kwa mlio kamili, mlio wa kufuta ile aibu ya siku ya uji, na watoto wangesimama wima na kuimba. Watoto walikuwa wamesimama tayari tangu saa moja na nusu, kwa hiyo wakaamriwa wakae chini, kusudi wapate kusimama. Walikuwa wamechoka. Siwema alikuwa wa mwisho mstarini, karibu na mlango. Hakukaa. Nilimwona akiifungua mikono kifuani polepole, mguu mmoja ukipumzikia juu ya mwingine, na kwa uchovu wake akajishikiza pale anapojishikiza siku zote. Mwimo. Vidole vinne.

Waziri akaingia, kifua mbele. Makorongo akaingia, akaupa mlango mgongo. Macho kwenye kisogo.

Nitakueleza sasa niliyoyafikiri, na nakuomba usimwambie mama yangu. Kwanza nilitaka kupiga kelele. Nikakumbuka kanuni: mbele ya Waziri hapana sauti inayotangulia mlio. Nikafunga mdomo. Halafu nikakumbuka kwamba ndani ya koti langu, hapa kifuani, nina vipande kumi na vinne vya ndala. Mkono ukaingia kwenye koti. Ukaigusa bahasha. Ukagusa lakiri. Na mimi, baba mzazi wa yule mtoto, nikaanza kujiuliza ni nani mwenye sahihi ya tatu, na kama sikosei Mjumbe alikuwa likizo.

Wallahi, nilijiuliza hivyo. Bega la Makorongo lilikuwa limeshaanza kwenda, mlango wa mninga unakuja, mwanangu anatazama vifungo vya koti la Waziri, nami natafuta sahihi ya tatu.

Mkono wangu wa kulia haukusubiri. Sijui nani aliutuma, sikuutuma mimi. Ulitoka kwenye koti, mto wa mahameli ukaanguka, na mkono ukaingia kwenye mwanya, juu kidogo ya vidole vya Siwema.

Pu. Halafu kitu kikalia kama fimbo kavu ikivunjwa, na hicho kilikuwa mimi.

Hakukuwa na mlio wa heshima. Picha ukutani haikusogea. Waziri alisimama katikati, anangoja, na watoto walikaa tu wanamtazama. Mimi sikulia kwa sauti. Ningependa kusema ni kwa ujasiri, lakini ni kwa sababu kanuni ilikuwa bado haijaniruhusu. Siwema alivitoa vidole vyake, akavitazama, akautazama mkono wangu ulipo.

"Baba," akasema, "na wewe unashika hapa?"

Ndipo nikalia.

Mwalimu Zuwena aliivuka mistari yote miwili, akampita Mheshimiwa bila kusema hata samahani, akausukuma mlango na kuufunga mkono wangu kwa mtandio wake. "Polepole, Baba Siwema," alikuwa akisema, "polepole, uko salama, naye yuko salama." Makorongo alikuwa amegeuka. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na saba, aligeuka akautazama mlango. Alitazama ule mwimo, akatazama vidole vya yule mtoto, akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto na kushika kichwa.

*

Kamati ilikutana bila mimi, nikiwa hospitalini. Matokeo yake nililetewa kitandani. Watoto waliojeruhiwa siku ya uzinduzi: hakuna. Mpango umefanikiwa kwa asilimia mia moja. Mtu mzima mmoja ameumia, lakini vidole vyake havimo kwenye tafsiri ya neno kidole kama lilivyotumika katika Mpango. Ukurasa huo wa tafsiri niliuandika mimi, na hauna kasoro.

Adhabu nayo ilikuja. Kwa kosa la kumnyima Waziri mlio, nilirudishwa Daraja la Kusukuma. Baadaye wakaona hata kusukuma ni upendeleo, wakanihamishia chumba chenye pazia.

Makorongo alikuja kunitazama hospitalini, na machungwa kwenye mfuko. Akakaa, akamenya moja.

"Sefu, mimi nina wajukuu wanne," akasema. "Miaka yote hiyo sijatazama. Hata mara moja."

"Kanuni haikuruhusu, kaka."

"Ndiyo. Haikuniruhusu."

Wiki iliyofuata Waziri alirudi chekechea kumaliza alichokianza. Nilisimuliwa na Mwalimu Zuwena, na yeye si mtu wa kutia chumvi. Mheshimiwa aliingia. Makorongo akaingia nyuma yake, akaupa mlango mgongo kama kawaida, akaurudisha kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka ukagota kwenye kitu laini. Halafu akafungua mdomo wake mwenyewe, akapiga, "PAAAAA!"

Watoto ishirini na sita waliruka juu kwa furaha, wakapiga "PAAAAA!" nao. Picha ikakaa upande kwa kelele zile. Mheshimiwa hakugeuka, maana Waziri hatazami nyuma. Alitabasamu akasema, "Leo mlio umetoka vizuri kuliko siku zote." Makorongo amependekezwa kupewa nishani.

Kitu laini gani, utaniuliza. Ndala, kitu gani kingine? Mwalimu Zuwena alikata nyingine, ya mumewe, ambayo azimio la kamati halikuitaja. Na hakuna anayeweza kumwambia atoe, kwa sababu moja ndogo. Ule Waraka wa kupiga marufuku vitu laini, ule wa nusu ukurasa, unahitaji sahihi ya Katibu. Katibu kwa mujibu wa uteuzi bado ni mimi, hata nikiwa nyuma ya pazia. Na sahihi lazima ifanane na ile ya mfano iliyoko masijala, iliyotiwa kwa mkono wa kulia. Walijaribu mkono wa kushoto, ikatoka kitu kama mdudu aliyekanyagwa. Masijala wakaikataa.

Kwa hiyo kila Jumatatu tarishi analeta faili chumbani kwangu, anainua pazia.

"Bwana Mkomangi, mkono umepona?"

"Bado, ndugu yangu," nasema, na nauinua na bandeji yake, nauma midomo. "Hata kijiko sishiki."

"Pole sana." Anaondoka na faili. Nasikia kwamba habari za ndala zimefika wilaya nyingine, walimu wanakata, na Waraka bado haujawa Waraka.

Daktari haelewi. Ameniambia vidole viwili vimeunga vizuri, cha shahada hakitakunjika kama zamani lakini kinatosha kwa kalamu, nifanye tu mazoezi kila jioni, kunja, kunjua. Naahidi, halafu nasahau. Kwa miaka ishirini nimelifanyia taifa kazi ya kutia sahihi, na sijui kama kuna mtoto hata mmoja aliyepata nafuu kwayo.

Jioni nikifika nyumbani nausukuma mlango taratibu, kipande cha ndala yangu mwenyewe kiko pale juu ya kitasa. Mama Siwema siku hizi haji mbio. Anabaki na mwiko wake jikoni, na mchuzi una chumvi. Siwema yuko palepale kwenye mwimo wake. Anapiga "Paa!" kwa niaba yangu, kisha anaushika mkono wangu na kuihesabu bandeji kidole kimoja kimoja.

"Baba, kimepona?"

"Bado."

"Kinauma?"

"Hakiumi sana."

"Kitapona lini?"

"Kesho kutwa, mama. Au siku nyingine."

Na kabla hujaanza kunionea huruma, nikwambie jambo moja, libaki baina yetu. Hadithi hii yote unayoisoma, tangu neno la kwanza mpaka hapa, nimeiandika kwa mkono wangu wa kulia. Jumatatu tarishi akija, wewe hujaniona.